Pilau ya Sikukuu na Hesabu ya Kalori

Kalori ni kipimo cha nishati ambayo mwili huipata kutoka kwenye chakula. Gramu moja ya wanga, uwe wa ugali, wali au sukari, hutoa takribani kalori 4. Gramu ya protini hutoa 4 vilevile, ya mafuta 9, na ya alkoholi 7. Hesabu hizi zinatokana na kazi ya mwanakemia Wilbur Atwater aliyoifanya Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo ndizo msingi wa tarakimu zinazosomeka kwenye pakiti za biskuti katika maduka ya mji wa Katesh, wilayani Hanang. Mtu mzima huhitaji, kwa wastani, kati ya kalori 2,000 na 2,500 kwa siku, zikipungua au kuzidi kulingana na umbo lake, umri wake na kazi anayofanya.

Zamani hesabu hiyo ilikuwa ya wagonjwa na wataalamu wa lishe. Siku hizi iko mikononi mwa yeyote mwenye simu. Kijana anayefanya kazi Arusha au Dodoma huandika kila anachokula, programu ikamjumlishia, na jioni akajua kama amevuka kiwango alichojiwekea. Mambo huenda vizuri hadi Desemba inapofika na safari ya kurudi kwao ikawadia.

Tuseme kwao ni Jorodom, chini ya Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, karibu na mji wa Katesh ulio kwenye barabara kuu ya Babati na Singida. Huko, kama kwingineko Hanang na Mbulu, chakula cha siku za kawaida ni ugali wa mahindi au mtama, maharage, makande, mboga za majani na maziwa, hasa ya mgando, ambayo kwa Wadatoga na Wairaqw ni chakula kamili wala si kiburudisho. Sikukuu hubadilisha kila kitu kwa siku mbili tatu. Mchele hununuliwa, mara nyingi ule wa Magugu, kwa kuwa mpunga si zao la miteremko ya Hanang. Mbuzi huchinjwa. Chapati husukumwa tangu alfajiri, kreti za soda huingia ndani, na wazee hawakosi pombe yao. Ni hivyohivyo wakati wa Pasaka na Idi, na katika sherehe za ubatizo, kipaimara na harusi, ambazo kwa mwaka mzima huenda zikawa nyingi kuliko sikukuu zenyewe.

Hapo ndipo simu inapokwama. Orodha za vyakula katika programu nyingi zimetungwa kwa walaji wa Ulaya na Marekani. Zinaijua piza kwa ukubwa wake wote, lakini ugali wa mtama haumo, au umeandikwa na mtu asiyejulikana kwa kipimo kisichojulikana. Tanzania ina jedwali lake la virutubishi vya vyakula, lililotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania pamoja na Chuo Kikuu cha Harvard. Jedwali hilo ni msaada mkubwa, ila halitatui shida ya pili: chakula cha sikukuu mara nyingi huliwa kwenye sinia moja na watu watano, na hakuna awezaye kupima tonge alilochota yeye na lile alilochota binamu yake.

Njia inayofaa ni kuacha kuhesabu sahani na kuhesabu sufuria. Anayepika anajua alichotia, na ujuzi wake ni wa kuaminika kuliko makadirio ya programu yoyote. Mfano ni familia ya watu 20 inayopika pilau kwa mchele kilo 3, nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 3, viazi kilo 1 na mafuta ya alizeti nusu lita. Kilo moja ya mchele mkavu ina takribani kalori 3,600, hivyo kilo 3 ni 10,800. Nusu lita ya mafuta ina zipatazo 4,100. Nyama, mifupa ikishatolewa, inaweza kukadiriwa kuwa 4,000, na viazi 800. Vitunguu, nyanya na viungo havibadilishi kitu. Jumla inakaribia 19,700, na ikigawanywa kwa watu 20 kila mmoja hupata pungufu kidogo ya 1,000. Mwenye kula kama wenzake aandike 1,000, aliyeongezewa nusu aandike 1,500, na shughuli iishe hapo. Hesabu hiyo inaweza kukosea kwa kalori mia moja au mia mbili. Hata zile za kwenye simu hukosea kiasi hicho, ila huficha kosa kwa tarakimu zinazoonekana kamili.

Faida kubwa ya kuhesabu sufuria ni kwamba huonyesha kalori zinakotoka. Katika pilau hiyo mafuta peke yake yamechangia zaidi ya sehemu moja kati ya tano, ingawa hakuna aliyeyaona kwenye sahani yake. Mpishi akitia robo lita badala ya nusu, kila mlaji amepunguziwa kama kalori 100, na ladha haitapotea iwapo vitunguu vimekaangwa vizuri na nyama imechemshwa na viungo vyake. Wapo wanaoamini kwamba mafuta ya alizeti, kwa kuwa yamekamuliwa hapahapa, hayanenepeshi. Gramu yake ina kalori 9 kama ya mafuta mengine yoyote.

Vinywaji ndivyo vinavyopita bila kuonekana kabisa. Soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hadi 40, sawa na kalori 150 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku nzima kwa mtu anayekula kalori 2,000. Bia ya nusu lita hukaribia kalori 200. Anayekunywa soda tatu na bia mbili kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku ameongeza karibu sahani nyingine ya pilau, na njaa yake iko palepale. Chapati moja iliyokaangwa vizuri ni kalori 250 hadi 300, na wachache hula moja.

Mbuzi, kwa upande mwingine, husingiziwa. Nyama yake ina mafuta kidogo, na robo kilo ya mbuzi choma isiyo na mafuta ina kalori zisizozidi 400, tena hushibisha kwa muda mrefu. Kitimoto iliyokaangwa kwa mafuta yake yenyewe ni habari nyingine. Lakini kwa anayehesabu kalori akiwa Hanang, kuacha nyama ya mbuzi na kujaza tumbo kwa chapati na soda ni kufanya hesabu kinyumenyume.

Baada ya kula huja majuto, na majuto hayo huanzia kwenye mzani. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba mtu hupima akakuta ameongezeka kilo mbili. Ili mwili utengeneze kilo moja ya mafuta unahitaji ziada ya takribani kalori 7,700 juu ya mahitaji yake. Aliyekula kalori 3,500 siku ya Krismasi, wakati mwili wake unatumia 2,000, amepata ziada ya 1,500, yaani mafuta yasiyozidi gramu 200. Kilo zilizobaki ni maji na chakula ambacho bado kiko tumboni. Chumvi nyingi huzuia maji mwilini. Wanga nao, unapohifadhiwa kwenye misuli na ini kwa umbo la glikojeni, hukaa pamoja na maji yapatayo mara tatu ya uzito wake. Vyote hivyo huondoka vyenyewe katika siku chache.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwafuatilia Wamarekani 195 katika msimu wa sikukuu za mwisho wa mwaka. Wengi walidhani wameongezeka sana. Mizani ilionyesha wastani wa kilo 0.37 tu. Habari mbaya ni kwamba nyongeza hiyo ndogo haikutoka miezi iliyofuata, na ikijirudia kila mwaka, baada ya miaka kumi huwa kilo kadhaa. Basi tatizo si sahani ya tarehe 25, ni mkia wake: soda zilizobaki kwenye kreti, pilau ya kupasha hadi mwaka mpya, na bia za kuagana na kila rafiki.

Wapo wanaotaka kulipa deni kwa miguu. Kuhusu hilo ushahidi bora umetoka jirani kabisa. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nishati inayotumiwa na Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao huishi upande wa Yaeda wilayani Mbulu. Walitumia maji yenye alama maalumu ambayo huwezesha kukokotoa nishati yote ambayo mtu ametumia kwa siku. Wanaume wa Kihadzabe walitembea karibu kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6, lakini ukubwa wa mwili ukizingatiwa, nishati yao ya siku haikutofautiana na ya watu wa mijini Marekani na Ulaya. Huenda mwili unaozoea mwendo hubana matumizi mahali pengine. Kutembea kunalinda moyo na kushusha sukari ya damu, na kwa hilo hakuna anayebisha, ila hakufuti pilau. Hata mbio ndefu hazina maajabu. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita 42, umbali ambao John Stephen Akhwari wa Mbulu aliumaliza akiwa ameumia goti kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, hutumia kalori zipatazo 2,500. Hizo ni sahani mbili na nusu za pilau iliyohesabiwa hapo juu.

Kujilaumu kwenyewe kuna gharama. Mwaka 1975 wanasaikolojia Peter Herman na Deborah Mack waliwapa watu kinywaji kizito cha maziwa, kisha wakawaachia aiskrimu wale watakavyo. Wasiojibana kwa chakula walikula aiskrimu kidogo kwa kuwa walishashiba. Waliozoea kujibana walikula zaidi: walipoona wamevunja mpango walijiambia potelea mbali. Ndivyo inavyotokea kwa anayeweka kikomo cha kalori 1,500 siku ya Krismasi. Saa nane mchana kimevukwa, na kuanzia hapo hahesabu tena hadi Januari. Afadhali siku hiyo iwekewe kikomo cha juu tangu mwanzo, 3,000 kwa mfano, na ziada igawanywe kwa siku sita zilizobaki za wiki. Ziada ya 1,000 ni kama kalori 170 kwa siku: soda moja isiyonywewa. Kushinda njaa tangu asubuhi ili kuitunzia nafasi pilau hakusaidii, kwani mwenye njaa kali hula haraka na kupitiliza.

Upo pia upande wa wenyeji. Katika nyumba za Hanang, kukataa chakula ni kumkataa aliyekipika, na shangazi aliyeamka saa kumi usiku hataki kusikia habari za programu. Mgeni anayepakuliwa kidogo na kurudia mara ya pili humfurahisha mwenyeji kuliko anayepakuliwa mlima na kuubakiza. "Shangazi, nitaongeza baadaye" ni jibu linalokubalika. "Niko kwenye diet" halikubaliki, na mara nyingi huleta kijiko kingine.

Hesabu hii haiwahusu wote wanaokaa kwenye sinia hilo. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa mtoto wa namna hiyo nyama, mayai na maziwa ya sikukuu ni faida tupu. Wajawazito na wanaonyonyesha nao wasipunguziwe chakula. Kwa upande mwingine, utafiti wa kitaifa wa 2012 uliwakuta na shinikizo la juu la damu zaidi ya robo ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, na karibu mmoja kati ya kumi na moja alikuwa na kisukari. Hao hawatafuti umbo. Wa kisukari achunge kwanza soda na kiasi cha wali, wa shinikizo la damu achunge chumvi, na wote wawili waendelee na dawa zao wakiwa safarini, kwani sikukuu nyingi huharibika kwa dozi iliyosahaulika Arusha.

Anayetaka kujua sikukuu imemwongezea nini asipande mzani kesho yake. Asubiri wiki ya pili ya Januari, asubuhi, kabla ya chai.