Abiria, GPS na anga la Masisi

Kabla ya kiwanja cha Goma kufungwa Januari 2025, ndege iliyotoka humo kwenda Kisangani iliuacha mji wa Pinga upande wake wa kulia, dakika chache baada ya kuruka. Siku ya mawingu, na huku mawingu ni desturi, abiria wa dirishani hakuona kitu. Siku ilipotakata aliona malisho ya Masisi yakipandana juu ya vilima, halafu kijani kikikolea: msitu wa Walikale ulikuwa umeanza. Pinga imekaa papo hapo, kwenye mpaka wa wilaya hizo mbili, karibu digrii moja kusini mwa ikweta. Abiria alijuaje kama ameipita? Akiwa na simu yenye ramani, ile nukta ya buluu ilimwambia.

Mradi mhudumu hakumkuta nayo mkononi na kumwamuru azime.

Kivu Kaskazini ndege si anasa. Kwa mstari ulionyooka, Pinga iko takriban kilomita 100 kutoka Goma. Kwa njia ya chini ni matope, pikipiki na bariere. Taasisi ya IPIS ya Ubelgiji, katika utafiti wake wa mwaka 2017, ilihesabu vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na kwenye vizuizi vingi mpita njia halali hulipishwa. Ndiyo maana ndege ndogo zilizoea kutua hata pasipo na kiwanja. Pale Kilambo, wilayani Walikale, kwa miaka mingi zilishuka juu ya kipande cha lami cha barabara kuu, zikapakia madini ya kasiterite yaliyobebwa kwa migongo ya watu kutoka mgodi wa Bisie, zikaruka tena kurudi Goma. Watu wa maeneo haya wanazijua ndege kwa sauti zake. Wanachouliza ni kama kweli kifaa cha mfukoni kinaweza kuiangusha ndege.

Jibu linaanza na namna GPS inavyofanya kazi. Setilaiti zake huzunguka dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200, na kila moja hutangaza bila kupumzika mahali ilipo na saa ngapi. Kipokezi kilicho mkononi husikiliza, hupima kila tangazo limechelewa kiasi gani, na kikipata setilaiti nne kinapiga hesabu na kujua kipo wapi. Hakijibu setilaiti wala hakiziombi kitu. Abiria anayedhani kwamba GPS yake inaongea na mbinguni anaipa sifa isiyo yake.

Basi kwa nini ilikatazwa? Marufuku ni ya zamani kuliko GPS yenyewe, na chanzo chake ni redio ya kawaida ya FM. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Marekani waligundua kwamba redio za mkononi, ingawa kazi yake ni kupokea tu, huvujisha mawimbi kidogo kutoka kwenye saketi ya ndani inayosaidia kushika stesheni. Mawimbi hayo yaliangukia kati ya megahezi 108 na 118, na huko ndiko iliko minara ya VOR ambayo marubani waliifuata kutafuta njia. Mwaka 1966 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikaweka kanuni: vifaa vya elektroniki vya abiria vizimwe, isipokuwa vile ambavyo shirika la ndege limejiridhisha kwamba havina madhara. Vilivyosamehewa moja kwa moja vilikuwa vichache: mashine ya kurekodi sauti, kisaidizi cha kusikia, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na mashine ya kunyolea ndevu. Kunyoa angani ruksa, kusikiliza muziki wa FM hapana.

Vipokezi vya GPS vya mkononi vilipoenea miaka ya 1990, viliingizwa kwenye kapu hilohilo. Mashirika mengine yaliviruhusu baada ya ndege kufika juu, mengine yalivikataa safari nzima. Haukuwa ujinga. Redio ya FM ilikuwa imeshaonyesha kwamba kifaa kinachosikiliza tu nacho huvuja, na hakuna shirika lililokuwa na muda wa kupima kila aina iliyoingia dukani. Mabadiliko makubwa yalikuja Oktoba 2013, pale FAA iliporuhusu mashirika, baada ya kuzipima ndege zao, kuwaachia abiria vifaa vidogo vya elektroniki tangu kupanda hadi kushuka. Ulaya ilifuata mwaka huohuo.

Simu iko upande mwingine kabisa. Hiyo haisikilizi tu, inapiga kelele. Ikipoteza mnara wa mtandao huongeza nguvu ili iutafute, na rubani anaweza kusikia mkwaruzo kwenye vifaa vyake vya masikioni, wakati mwingine katika dakika zile zile anazosubiri maelekezo ya kutua. Hii ndiyo sababu ya ile hali ya ndege iliyomo kwenye kila simu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwenye simu nyingi za sasa hali hiyo huzima mtandao lakini GPS hubaki hai. Kinachokosekana ni msaada wa intaneti katika kuzitafuta setilaiti, kwa hiyo simu huchelewa kujitambua. Anayetaka kufuata safari yake apakue ramani mapema, aache simu ipate mahali ilipo akiwa bado nje, na aombe kiti cha dirishani, maana bati la ndege huzuia mawimbi. Kuhusu ramani, Kivu Kaskazini ina bahati. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, watu wa kujitolea wa OpenStreetMap walichora vijiji na njia ambazo ramani nyingine hazikuwa nazo, na programu kama OsmAnd huzionyesha bila intaneti.

Kuna kituko kimoja kinachowachanganya wenye saa na vifaa vyenye kipimahewa. Katika ndege kubwa iliyo kwenye kimo cha mita 11,000, kifaa kinaweza kudai kwamba mwenyewe yuko mita 2,000 tu. Hakijaharibika. Kinapima hewa ya ndani, ambayo mitambo ya ndege huishindilia ili abiria wapumue, na chumba cha abiria hubaki na hewa kama ya mlimani. Katika LET-410 au Cessna Caravan zinazohudumia viwanja vya Kivu hakuna mitambo hiyo. Hewa ya ndani na ya nje ni moja, na kipimahewa hukaribiana na ukweli.

Kwa marubani wa Kongo, GPS ya mkononi haikuwa mchezo wa abiria. Minara ya redio ya kuongozea ndege ilikuwa michache na mingine mibovu, hivyo wengi walinunua vipokezi vidogo kwa pesa zao, wakaingiza humo viwanja vya msituni na kuvifuata. Kimsingi ni kifaa kilekile ambacho abiria wa nyuma aliambiwa akizime.

Raia wenyewe waliahidiwa GPS kwa sababu ya msiba wa ndege. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya Korean Air Lines, safari namba 007, ilipotea njia ikaingia anga la Umoja wa Kisovieti na kutunguliwa. Watu wote 269 walikufa. Rais Ronald Reagan akatangaza kwamba mfumo huo wa kijeshi, utakapokamilika, utakuwa huru kwa ndege za kiraia. Hata hivyo, hadi Mei 2000 Wamarekani waliendelea kupunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya raia.

Kifaa cha mfukoni kinachoitisha ndege kweli kipo, ila si kipokezi. Ni kivurugi, kinachotoa mawimbi ya kelele kwenye masafa ya GPS. Mawimbi ya setilaiti yanafika ardhini yakiwa dhaifu mno, hivyo kelele ndogo ya karibu inatosha kuyafunika. Marekani, dereva mmoja wa lori alichomeka kivurugi garini ili mwajiri asijue anakokwenda, na alipokaribia kiwanja cha Newark alivuruga mtambo uliokuwa ukijaribiwa kuongoza ndege zinazotua. Mwaka 2013 serikali ilipendekeza atozwe faini ya karibu dola 32,000.

Vita vimekuza jambo hilo. Mwezi Aprili 2024 Finnair ilisimamisha safari zake za Tartu, Estonia, kwa sababu mawimbi ya GPS yalikuwa yakivurugwa na kiwanja hicho hakikuwa na njia nyingine ya kutosha ya kuongoza ndege. Mwaka huohuo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba Kivu Kaskazini nako GPS inavurugwa na kughushiwa, wakalinyooshea kidole jeshi la Rwanda linalodaiwa kupigana pamoja na waasi wa M23. Rwanda imekuwa ikikanusha kuwaunga mkono waasi hao. Ndege zilizoguswa si za kijeshi pekee. Hata zile za misaada hupita anga hilohilo.

Kughushi ni kubaya kuliko kuvuruga. Kipokezi kilichovurugwa husema hakijui kilipo, na rubani akatumia njia nyingine. Kilichoghushiwa hutaja mahali kwa uhakika kamili, ila si pale kilipo. Juu ya milima ya Masisi, tena mawinguni, kosa la kilomita chache ni mlima. Abiria wa dirishani mwenye simu naye ataiona nukta yake ikiruka hadi pasipo na ndege yoyote, na asidhani simu yake ndiyo mbovu. Hata saa ya simu inaweza kuyumba, kwani setilaiti hutoa wakati pamoja na mahali.

Hatari nyingine za anga hili hazihitaji teknolojia kubwa. Tarehe 24 Februari 2023 helikopta ya UNHAS, huduma ya ndege ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ilipigwa risasi ikitoka Walikale kwenda Goma. Ilifanikiwa kutua salama, na safari zikasimamishwa. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliuteka mji wa Goma, na kiwanja chake kikafungwa.

Katika mazingira hayo, swali la GPS ya abiria haliishii kwenye mlango wa ndege. Kipokezi kinachoandika kila mahali ulipopita ni kumbukumbu ya safari kwa mtalii, lakini kwa mwanajeshi wa bariere ni ramani ya ngome zake. Mgeni anayeshuka Walikale nacho kikining'inia kiunoni anajitafutia mahojiano marefu, na wenyeji wanaosafiri mara kwa mara huona ni heri kubaki na simu ya kawaida.

Ndani ya ndege, neno la mwisho ni la rubani. Kanuni za 2013 ziliwaachia waendeshaji wa ndege uamuzi, na ndege ndogo ya msituni haijapimwa kama Boeing. Huko abiria hukaa hatua moja au mbili nyuma ya kiti cha rubani na antena zake. Kwenye viwanja visivyo na mnara wa kuongozea, marubani hutangaziana kwa redio, kila mmoja akitaja alipo na anakoelekea ili wasigongane. Simu ikikwaruza katikati ya tangazo hilo, rubani anaweza kukosa jina la kiwanja ambacho mwenzake anakikaribia.