Tuweke Nini Ndani ya Silensa?

Ukisimama kando ya barabara iendayo Webuye asubuhi, utayasikia magari kabla hujayaona. Moja linapita likikoroma polepole kama mzee aliyelala, na la pili linapasua masikio hata mwalimu anyamaze kwanza limalize kupita. Mara nyingi tofauti haiko kwenye injini. Iko kwenye silensa, lile kopo la bati linaloning'inia chini ya gari, na hasa vitu vilivyo ndani yake.

Si kila silensa hujazwa. Nyingi za magari madogo zina vyumba vyumba ndani, na sauti hugongana humo mpaka ikaishiwa nguvu. Aina ya pili ina bomba lenye vitundu vingi kama chekecheke, na kati ya bomba na kopo hujazwa nyuzi. Moshi hupita bombani moja kwa moja, lakini sauti hupenya vitundu, ikasuguana na nyuzi na kugeuka joto kidogo. Nyuzi zikiungua au zikipeperuka, kopo hubaki tupu kama debe. Hapo ndipo fundi wa jua kali hulikata kwa grenda na kuuliza, "Sasa tuweke nini?"

Chochote kitakachowekwa kitapigana na moto, mtikiso na maji. Maji ndiyo watu husahau. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa mvuke wa karibu lita moja ya maji! Gari linalotoka Lurambi hadi sokoni kisha likazimwa halipati nafasi ya kupata moto sawasawa, kwa hivyo mvuke huo hugeuka maji na kukaa mle ndani. Ongeza na mvua yetu ya Kakamega inayolowesha kopo kwa nje.

Basi matambara na pamba ya godoro tusiyataje hata kidogo, yataungua. Stilwulu ya kusugulia sufuria iko kila duka na ni ya bei rahisi, lakini ni nyembamba mno, tena ni chuma cha kawaida. Joto na maji huifanya unga wa kutu, na kelele inarudi. Nyuzi nene za chuma kisichoshika kutu ni jambo lingine kabisa. Hizo zafaa kuzungushiwa bomba lenyewe, kule kwenye moto mwingi, halafu nje yake zifuate nyuzi za kioo.

Nyuzi za kioo ziwe ndefu, za kusokotwa kama kamba. Zile fupi zinazowekwa juu ya dari za nyumba hushikanishwa na gundi. Gundi ikiungua, nyuzi hutoka na moshi mmoja mmoja. Kuna pia nyuzi za mwamba wa volkeno, ambazo huvumilia joto kuliko za kioo, ila kuzipata si mchezo. Na kujaza kuna kipimo: takriban gramu 100 hadi 150 za nyuzi za kioo kwa kila lita ya nafasi. Ukishindilia kama gunia la mahindi, sauti haipati pa kuingilia. Ukiweka kidogo, mtikiso utazisukuma zote upande mmoja.

Sasa asbesto. Zamani ilisifiwa kwa sababu haiungui, na ilitiwa katika breki, mapaa na vitu vingi vya kuzuia joto. Kwa moto pekee, ni kweli ingefaa. Lakini nyuzi zake ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Zikivutwa hubaki mapafuni, na saratani huweza kutokea miaka 20 hadi 40 baadaye, wakati mtu ameshasahau kazi aliyoifanya. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006. Hata hivyo mapaa ya zamani bado yapo, na kipande cha asbesto hakigharimu kitu, kwa hivyo mtu anaweza kushawishika.

Anayekuwa hatarini zaidi si mwenye gari. Ni kijana wa rika letu anayejifunza kazi, yule anayeambiwa alikung'ute kopo la zamani juu ya jiwe huku wengine wakinywa chai kando yake. Vumbi jeupe likitoka, nani atajua ni la kioo au la asbesto? Kwa macho hawezi kulijua. Kama silensa ni ya gari la zamani na haijulikani ilijazwa nini, afadhali isikatwe kabisa, ifunguliwe ikiwa nzima na nyingine ifungwe. Zikijulikana kuwa ni za kioo, zinyunyiziwe maji kwanza, zitolewe kwa glavu na kitambaa puani, kisha zifungwe ndani ya mfuko. Hizo nazo huwasha ngozi vibaya, hasa shingoni na kwenye viganja, na kujikuna huzididimiza zaidi.