Kiangazi Mwanza: Ipe nyumba na bustani yako sura mpya kwa gharama nafuu

KWA wakazi wa Jiji la Mwanza na vitongoji vya mwambao wa Ziwa Victoria, kiangazi ni kipindi cha kuanzia Juni hadi Septemba. Mvua za masika huwa zimekwisha, Julai hupita mara nyingi bila mvua ya maana, na vumbi la njia za kupanda milimani huingia ndani hata pale madirisha yanapofungwa.

Wengi hukiona kipindi hiki kuwa cha adha tupu. Hata hivyo, ndio wakati mzuri kuliko wote wa kuipa nyumba sura mpya, kwa kuwa kuta zimekauka, paa halivuji na fundi anaweza kufanya kazi siku nzima bila kukimbia mvua. Jambo la muhimu ni kujua lipi lianze na lipi lifuate, maana kazi iliyofanywa bila mpangilio huharibika kabla ya mvua za vuli kurejea mnamo Oktoba.

Anza na kuta

Rangi hubanduka kwa sababu imepakwa juu ya ukuta wenye unyevu au vumbi. Baada ya masika, uache ukuta ukauke kwa wiki kadhaa, kisha kwangua rangi iliyolegea, ziba nyufa, piga msasa na ufute vumbi kwa kitambaa kibichi ndipo upake. Mahali penye ukungu pasuguliwe na kukaushwa kwanza. Ukiufunika kwa rangi, utarudi masika yajayo.

Rangi nyeupe au nyingine hafifu hurudisha mwanga wa jua, hivyo chumba hakipati joto sana. Kwa mwenye kipato kidogo, chokaa hufanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu. Tahadhari moja inahitajika: rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usizikwangue zikiwa kavu huku watoto wakiwa karibu. Lowanisha ukuta kwanza, kisha kusanya mabaki yote.

Ndani, siri ya usafi wa kiangazi ni maji kidogo. Kufagia sakafu kavu hulirusha vumbi hewani, nalo hutua tena juu ya makochi na vyombo. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, au futa kwa tambara bichi. Fua mapazia mazito na uyahifadhi, kisha tundika mepesi yanayopitisha upepo. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani, hivyo dirisha linaloelekea ziwa likifunguliwa pamoja na jingine la upande wa pili, hewa hupita nyumba nzima. Magodoro na mito yaanikwe juani asubuhi, na neti zikaguliwe kama zimetoboka.

Wenyeji wa mwambao wanawajua pia wale vijidudu vinavyoinuka kutoka ziwani kama wingu la moshi, hasa nyakati za mwezi mwandamo. Haviumi, lakini huchafua kuta mpya kwa kuwa hufuata mwanga. Usiku huo, zima taa za nje na za barazani.

Bustani juu ya mwamba

Mwanza inaitwa Jiji la Miamba, na sababu haijifichi: kuanzia Jiwe la Bismarck lililo ziwani hadi nyumba zilizojengwa kati ya mawe kwenye milima ya katikati ya jiji. Katika maeneo hayo udongo ni haba, na miamba hunyonya joto mchana na kulitoa usiku. Anayesema hana mahali pa kulima bustani ana hoja, lakini kiroba kilichojazwa udongo na samadi iliyooza kinatosha kuotesha mchicha, matembele au sukuma wiki. Katikati ya kiroba weka safu ya kokoto kutoka chini hadi juu ili maji yafike kila upande, kisha toboa matundu ubavuni na upandikize miche.

Mwagilia alfajiri au jioni jua likipoa, kisha funika udongo kwa majani makavu ili maji yasipotee haraka. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo kwenye kifuniko na kufukiwa kichwa chini karibu na shina hudondosha maji taratibu. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanafaa pia bustanini. Yale ya sabuni yaende kwenye maua na miti, si kwenye mboga za majani.

Hatari iliyojificha

Hapo ndipo penye jambo ambalo mwenye bustani wa mwambao hapaswi kulipuuza. Mgawo wa maji unapobana, wengi huwatuma watoto kuchota ziwani. Maji ya kingoni yenye konokono yanaweza kubeba vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ndani ya dakika chache mtu anapoingia majini. Ugonjwa huo umeenea katika ukanda wa ziwa na usipotibiwa huharibu ini, utumbo au kibofu. Ua zuri halina thamani ya afya ya mtoto. Ikilazimu kutumia maji ya ziwa, yachotwe bila kuingia majini, na yakae katika chombo kilichofunikwa kwa saa 48 kabla ya kuguswa, kwa kuwa vimelea hivyo havidumu muda huo bila kupata mwili wa kuingia.

Kufunika chombo ni lazima kwa sababu nyingine. Mbu huhitaji wiki moja hivi kutoka yai hadi kuruka. Mbu aenezaye homa ya dengue, ugonjwa ulioitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hutaga kwenye kuta za ndani za mapipa, makopo na visahani vya maua, na mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa. Kumwaga maji pekee hakutoshi. Sugua chombo kwa brashi kila wiki.

Aidha, usivutiwe na ua la zambarau la gugumaji ukalipeleka nyumbani. Mmea huo wa Amerika Kusini uliletwa Afrika kama pambo la bustani, na kufikia miaka ya 1990 ulikuwa umeziba ghuba na bandari za Ziwa Victoria. Kwa wenye viwanja vya kandokando ya ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mwambao. Majani ya asili ya ukanda huo huzuia udongo na mbolea kuingia ziwani.

Malizia na paa

Kabla Septemba haijaisha, panda juu ukakaze misumari ya mabati na kusafisha mifereji. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hivyo paa la mita 50 za mraba, kwa mvua ya milimita 20, hupokea lita 1,000. Hata robo ikipotea, zinabaki lita 750, na hakuna mtoto atakayelazimika kushuka ziwani na ndoo.

Nyumba inayopendeza haihitaji fedha nyingi. Inahitaji brashi, chokaa, viroba vichache na mwenye nyumba anayeutumia msimu kabla haujampita.