Feruzi, jiwe linalokunywa

Malalamiko ninayoyasikia zaidi dukani kwangu, hapa Mji Mkongwe, ni haya: jiwe lilikuwa buluu, sasa limeingia ukijani. Juzi bibi mmoja aliniwekea mezani pete ya fedha ya marehemu mumewe. "Mwanangu, jiwe hili limekufa," akasema. "Lilianza kubadilika mzee alipoanza kuugua." Nikamuuliza kama mzee alikuwa akijipaka mafuta. "Ya nazi, kila siku. Na manukato, si unamjua?"

Mimi ni sonara, si tabibu, lakini feruzi naijua. Jiwe hili huzaliwa karibu na uso wa ardhi, hasa katika nchi kavu. Maji hupenya kwenye miamba yenye shaba, yakaichukua kidogo kidogo pamoja na alumini na fosfati, kisha huviacha kwenye nyufa, vikagandamana. Buluu yake ni ya shaba. Chuma kikijipenyeza, rangi huvutwa kwenye kijani. Tena lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kwa vitundu hivyo hunywa chochote unachokigusa: jasho, sabuni, mafuta, uturi.

Nadhani udhaifu huu ndio uliolipa heshima. Yakuti haibadiliki hata ukiizika. Feruzi hubadilika mkononi mwa mtu, na watu hawawezi kuliona jambo hilo wakanyamaza. Uajemi na Uturuki waliivaa kujikinga na kijicho, wakawavalisha hata farasi, na ikasemwa kwamba rangi ikififia mwenyewe yuko hatarini. Mgonjwa wa homa hutoka jasho, jasho likaingia kwenye jiwe. Kwa hiyo yule bibi sikumbishia. Nilimsafishia fedha, jiwe nikaliacha lilivyo.

Miongoni mwa wachimbaji wa mwanzo ni Wamisri, katika majabali ya Sinai. Mwaka 1901, huko Abydos, Misri kwenyewe, wafanyakazi wa mwanaakiolojia Flinders Petrie walikuta mkono uliofungwa kitani umesukumizwa kwenye tundu la ukuta wa kaburi la mfalme Djer. Huenda ni kazi ya wezi waliokusudia kurudi. Mkono huo ulikuwa na vikuku vinne. Kimoja kina vibamba vya dhahabu na feruzi vinavyopokezana, na kina umri wa takriban miaka 5,000. Nikiitazama picha yake najua fundi yule angepata kazi kwangu kesho asubuhi.

Kule Sinai, Serabit el-Khadim, palikuwa na hekalu la Hathor, mungu wa kike waliyemwita bibi wa feruzi. Mwaka 1905 Petrie alikuta kwenye mawe ya pale maandishi ya ajabu, machache, yaliyochorwa na watu wa lugha ya Kisemiti waliokuwa kwenye machimbo. Walichukua picha za Kimisri wakazifanya herufi: kichwa cha ng'ombe, nyumba, mawimbi ya maji. Humo ndimo zilimotoka alif, ba na mim za chuoni, na pia A, B na M unazozisoma hapa.

Feruzi iliyosifiwa kuliko zote ilitoka Nishapur, Uajemi: buluu tupu, bila mshipa. Wazungu waliipata kupitia nchi ya Waturuki, wakaiita ya Kituruki.

Huku pwani rangi hii ilishuka zamani kutoka majahazini ikiwa juu ya makasiki ya Ghuba. Vigae vyake vimefukuliwa Shanga na Manda kule Lamu, na hapa kwetu Unguja Ukuu, vingine vya karne ya 8 na ya 9. Kijana mmoja aliyefanya kazi kwenye uchimbaji aliwahi kuniwekea kigae kiganjani: kinene, udongo wake wa manjano iliyopauka, na juu yake utando wa kioo uliopasukapasuka. Ni shaba ile ile. Ukiitia kwenye kioo cha risasi hutoa kijani. Ukiitia kwenye kioo cha majivu yenye magadi hutoa feruzi.

Bahari ya Nungwi, ambayo watalii huja kuitafuta kwangu katika hereni, haipati rangi yake kwa shaba. Maji humeza wekundu wa mwanga wa jua, na mchanga mweupe chini yake hurudisha kilichobaki.

Tukirudi kwenye jiwe, tatizo la mnunuzi ni kwamba mawe mengine nayo hunywa. Haulaiti ni jiwe jeupe lenye mishipa ya kijivu. Likitiwa rangi ya buluu, hata fundi anaweza kubabaika. Chovya pamba kwenye asetoni ya kufutia rangi ya kucha, usugue nyuma ya jiwe. Pamba ikigeuka buluu, umeuziwa rangi. Feruzi halisi nayo, nyingi siku hizi imenyweshwa gundi ili iwe ngumu. Huo si wizi, mradi muuzaji aseme. Muulize waziwazi, na akianza kukusifia mkono badala ya kujibu, nenda duka la pili.