Kutoka Ndundu Hadi Maji ya Chumvi

Wasomaji wetu wengi wamepita Ndundu, lakini ni wachache waliosimama hapo. Kabla ya mwaka 2003, mtu aliyetoka Dar es Salaam kwenda Lindi au Mtwara hakuwa na budi kusimama, maana pantoni ndiyo iliyovusha magari, na mto ulipofurika safari ilikatika. Mwaka ule lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, na tangu hapo abiria huuvuka Rufiji kwa muda mfupi tu, pengine akiwa usingizini. Ni maendeleo makubwa, wala hatuyabezi. Lakini daraja limetunyang'anya kitu kimoja, nacho ni kuutazama mto. Kwa hiyo tuliazimia kushuka ukingoni na kuufuata kwa maji mpaka baharini.

Kiongozi wetu alikuwa mzee mmoja Mrufiji ambaye tangu utoto kazi yake ni mto. Tulimwamkia, akaitika, "Marahaba, wanangu," kisha akavitazama viatu vyetu na kutuambia tuvivue. Chombo kilikuwa na mashine, lakini mzee hakuiamini mashine peke yake. Alisimama omoni na pondo mkononi, akipima kina, kwa kuwa mafungu ya mchanga ya Rufiji hayakai mahali pamoja: palipopita mkondo mwaka jana, mwaka huu pana kisiwa chenye majani.

Viboko tuliwakuta katika vilindi vya kona, masikio na pua tu juu ya maji. Mzee alizima mashine na kuwazungukia mbali. Alitueleza kuwa kiboko sharti aachiwe njia ya kurudi kwenye kina chake, na asiyemwachia hulipa kwa mtumbwi wake au kwa uhai. Mamba walianika matumbo yao mchangani, wakateleza majini kimya tulipowakaribia. Keremkerem walikuwa wakiingia na kutoka katika matundu ya ukingo, na juu ya mti mkavu furukombe alilia kwa sauti ile inayofika ng'ambo. Twakiri kwamba hapo hakuna aliyekuwa na haja ya kusema neno.

Kando ya mto yalionekana madungu, vibanda virefu vya miti ambamo mkulima hukaa kulinda mpunga wake dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watu wengi wa bondeni walihamishiwa vijiji vya ujamaa juu penye nchi kavu, ili mafuriko yasiwakute. Lakini jembe halikuhama. Waliendelea kurudi bondeni kwa sababu ya mlao, yaani kilimo kifuatacho maji yapwapo, pale tope jipya linapoachwa juu ya shamba kama samadi isiyonunuliwa. Kwa Mrufiji mafuriko ni adui na ni mlezi pia.

Baada ya saa nyingi maji yalibadilika. Mzee alichota kwa kiganja, akaonja, akatema, akasema, "Chumvi." Hapo ndipo ilipoanza mikoko. Msitu huu hauna njia ila vijito, na vijito vyenyewe hufunguka na kufunga kwa maji kujaa na kupwa. Mkoko husimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyekunja nguo avuke tope. Mchu huchomoza vidole vyake ardhini apate pumzi. Mkomafi huzaa tunda la duara kama mpira. Msikundazi ulitoa milingoti ya majahazi, na boriti za delta hii zilisafirishwa hadi Uarabuni, hata upana wa vyumba vya huko ukafuata urefu wa mti uliokatwa kwetu. Chini ya mizizi hukulia kamba wachanga, na kaa huburuta majani mashimoni. Mikoko hii imepata hekta 50,000, karibu nusu ya yote iliyopo Tanzania Bara, na tangu mwaka 2004 delta, pamoja na Mafia na Kilwa, imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima.

Watalii wengi huuliza habari za manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha humu mwaka 1914 hata Waingereza wakaiangamiza tarehe 11 Julai 1915. Vitabu humtaja nahodha wake, Max Looff. Mizinga yake 10 iliopolewa na kukokotwa nchi kavu kwa mabega ya wachukuzi wa Kiafrika, ambao majina yao hayamo.

Katika upande wa kaskazini tuliona mikoko iliyofyekwa na mpunga uliopandwa mahali pake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mkondo mkubwa wa mto ulihamia huko, ukaleta maji baridi, na wakulima wakayafuata. Shamba hutoa mavuno miaka kadhaa, kisha hulemewa na magugu na chumvi, na shoka huingia mbele zaidi. Ni rahisi kumlaumu mwenye shoka. Lakini mtu huyu anakula wapi, ikiwa shamba la zamani halipati tope?

Na tope latoka juu. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mwaka 2025 mitambo yake yote 9, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilikuwa imekamilika. Umeme huo wauendesha mkate wa mfanyakazi kiwandani, nasi twaufurahia. Hata hivyo ukuta wowote wa bwawa huzuia tope pamoja na maji, na mto ufikao pwani bila tope hauna cha kuirudishia nchi kile kinacholiwa na bahari. Aprili 2024 mvua kubwa zilileta mafuriko Rufiji na Kibiti, nyumba na mashamba yakazama. Twaona ni haki ya mkulima wa chini kuijua mapema ratiba ya maji ya juu, kwa lugha yake na kijijini kwake, kama vile abiria anavyojua saa ya gari moshi.

Tulilala katika kijiji kimoja cha delta. Usiku, mzee akitengeneza wavu kwa mwanga wa taa, alituuliza, kwa kuwa sisi ni watu wa magazeti, mwaka huu maji yatafunguliwa lini na kwa kiasi gani, apate kujua apande bondeni au asipande. Hatukuwa na jibu. Tulimwahidi kuliandika swali lake, nasi tumeliandika.