Je, Wajua? Hesabu za A, B, C, D na Hesabu za Nafasi Tupu

Je, wajua kwamba mtoto wa darasa la saba Arua au Koboko haonyeshwi hata jibu moja la kuchagua katika mtihani wake wa hesabu? Karatasi ya somo hilo katika PLE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi Uganda, ina maswali 32. Sehemu A ina maswali 20 yenye alama 40, Sehemu B ina maswali 12 yenye alama 60, na chini ya kila swali pana nafasi tupu. Muda ni saa mbili na nusu, na kikokotoo hakiingii chumbani. Jalada la karatasi linaagiza kwamba kazi yote ionyeshwe.

Je, wajua kwamba ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, mambo ni mengine kabisa? Kijana wa Aru au Ariwara, Mlugbara kama mwenzake wa Arua, akimaliza sekondari hufanya Examen d'État, mtihani ulioanza mwaka 1967. Hesabu zake huja na majibu yaliyopangwa chini ya swali, achague moja. Karatasi hutolewa kwa seria tofauti, kwa hiyo anayechungulia ya jirani huenda akanakili kwa makini jibu la swali ambalo yeye hakuulizwa.

Wajua pia kwamba ukoo mmoja wa Wakakwa unaweza kuwa na watoto wanaomaliza shule ya msingi kwa hesabu tatu za miaka? Kongo ni miaka 6, Uganda 7, Sudan Kusini 8. Nchi hizo tatu zinagusana Salia Musala, wilayani Koboko.

Na je, wajua kinachomkuta mtoto wa Kikongo aliyekimbilia makazi ya Lobule, huko huko Koboko? Watu huona haraka kwamba amehama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Wachache hukumbuka kwamba mkato nao umebadilika kazi. Kwa waliofundishwa kwa Kifaransa, 2,500 ni mbili na nusu, iliyoandikwa hadi nafasi tatu za desimali. Kwa mwalimu wa Uganda, 2,500 ni elfu mbili na mia tano. Mtoto anaweza kujua kuzidisha vizuri na bado akakosa, kwa sababu ya alama ndogo ambayo hakuna aliyekumbuka kumwambia habari zake. Mwalimu wa darasa la tano anayempokea mwanafunzi kama huyo aanze na hilo kabla ya kumwona mzito wa hesabu.

Je, wajua kwamba maswali ya kuchagua yana umri sawa na West Nile ya Uganda? Mwaka 1914 Mmarekani Frederick J. Kelly, aliyekuwa Kansas, alitunga jaribio la kusoma ambalo mtoto alijibu kwa kutia alama kwenye jibu lililokwisha andikwa, ili masahihisho yawe ya haraka na wasahihishaji wasitofautiane. Mwaka huohuo West Nile, eneo lenye Arua na Koboko, ilitolewa Sudan ikaingizwa Uganda. Miaka mitatu baadaye jeshi la Marekani lilikuwa likiwapima makuruta wake kwa wingi kwa mtindo huo, na mwaka 1926 ukaja SAT, mtihani wa kuombea chuo Marekani.

Kwa nini mitihani ya kuchagua hutaka penseli? Mashine ya kwanza maarufu ya kusahihisha, IBM 805 ya mwaka 1938, haikuona chochote. Ilipitisha umeme. Risasi ya penseli ni grafiti, na grafiti hupitisha umeme. Palipotiwa alama, mkondo ulipita na mashine ikahesabu. Wazo lilitoka kwa Reynold Johnson, mwalimu wa shule huko Michigan. Mashine za leo husoma kwa mwanga, lakini sharti la penseli lilibaki sehemu nyingi, na kwa mwenye kufuta na kubadili jibu hilo ni jambo jema.

Je, wajua majirani zetu walifanyaje? Kenya ilitumia KCPE, mtihani wake wa mwisho wa shule ya msingi, kuanzia 1985 hadi 2023: hesabu maswali 50, majibu manne kila swali, saa mbili. Tanzania mwaka 2012 ilianza kusahihisha mtihani wa darasa la saba kwa mashine, hisabati nayo ikawa ya kusiliba viduara. Miaka michache baadaye mtihani ukawa na maswali 45: 40 ya kuchagua na 5 ya kuonyesha njia. Hatua hiyo ya kurudi nyuma kidogo naipenda. Mashine ni nafuu na haichoki, ila haioni mtoto alikosea wapi.

Sasa hesabu ya kubahatisha. Anayechagua kwa kufumba macho katika maswali 50 ya majibu manne hupata, kwa wastani, 12.5. Katika maswali 40 ya majibu matano hupata 8. Kuyapata yote 50 kwa bahati ni nafasi moja katika namba yenye tarakimu 31.

Wajua kwamba kubahatisha kuliwahi kuwa na gharama? Hadi mabadiliko ya mwaka 2016, SAT ilikata robo ya alama kwa kila kosa katika maswali ya majibu matano. Piga hesabu: nafasi moja kati ya tano ya kupata alama 1, nafasi nne kati ya tano za kupoteza robo. Jumla ni sifuri kamili. Aliyebahatisha na aliyeacha wazi walikuwa sawa. Lakini ukishafuta majibu mawili yasiyowezekana, wastani wako ulipanda hadi moja ya sita ya alama kwa kila swali. Leo adhabu hiyo haipo. Kijana wa Arua anayeomba chuo Marekani atafanya SAT kwenye kompyuta, kama ilivyo nje ya Marekani tangu Machi 2023: maswali 44 ya hesabu kwa dakika 70, kikokotoo kimo ndani ya programu yenyewe. Kwake kuacha swali wazi ni kutupa.

Kuna jambo moja ambalo mbinu zote za maswali haya hulitegemea: majibu yaliyoandikwa chini ya swali ni habari ya bure. Mtunzi amekuambia, bila kupenda, kwamba ukweli uko ndani ya orodha hii fupi.

Chukua 19.8 × 4.9. Majibu: 9.702, 97.02, 970.2, 9702. Mwenye haraka ataanza kuzidisha. Mwenye akili ya soko atasema ishirini mara tano ni mia, atachukua 97.02 na kuendelea.

Chukua 347 × 68. Saba mara nane ni 56, basi jibu linaishia na 6; yasiyoishia na 6 yafute. Yakibaki mawili, 23,596 na 23,586, tumia jumla za tarakimu. Jumlisha tarakimu hadi ibaki moja: 347 hutoa 14, kisha 5, 68 hutoa 14, kisha 5. Tano mara tano ni 25, kisha 7. Sasa 23,596 hutoa 25, kisha 7. Ya pili hutoa 24, kisha 6, nayo imejitoa yenyewe. Angalizo: njia hii haioni tarakimu zilizobadilishana nafasi, kwa hiyo 23,956 ingepita bila kukamatwa.

Jumla ya namba tatu nzima zinazofuatana hugawanyika kwa 3 siku zote. Majibu yakiwa 82, 83, 84, 85, umemaliza.

Swali likiuliza eneo, jibu lenye sentimita tupu halikuandikwa kwa ajili yako.

Je, wajua kwamba aljebra inaweza kufanywa kinyumenyume? Mama ana umri mara tatu ya mwanawe. Baada ya miaka 12 atakuwa na umri mara mbili ya mwanawe. Mtoto ana miaka mingapi: 8, 10, 12 au 14? Majibu ya namba kwa kawaida hupangwa kutoka dogo hadi kubwa, basi anza katikati. Jaribu 10: mama 30, baada ya miaka 12 mama 42, mtoto 22. Mara mbili ya 22 ni 44, mama amepungukiwa na 2. Jaribu 8 na utaona upungufu unakua kufika 4, hivyo jibu liko juu. Jaribu 12: mama 36, kisha 48, mtoto 24. Limekaa.

Walimu wengine huiita njia hii ya mkato, hata wizi. Siafikiani nao. Anayeingiza 12 ndani ya swali na kuona linasimama amefanya uthibitisho kamili, tena uleule ambao mtoto wa PLE anapaswa kuufanya baada ya kutatua, kama dakika zinamtosha.

Na majibu ya uongo hutoka wapi? Watunzi wa Tanzania huyaita vipotoshi, na kipotoshi kizuri hakitungwi kwa kubuni namba yoyote. Hutokana na kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli. Mwenye duka apandishe bei ya shilingi 20,000 kwa asilimia 10, kisha aishushe kwa asilimia 10. Jibu ni 19,800, maana asilimia 10 ya pili imekatwa kwenye 22,000. Kipotoshi ni 20,000, na kitakuwa kwenye orodha, kikikutazama. Kuona jibu lako kwenye orodha hakuthibitishi chochote. Mtunzi alishalipitia kosa lako kabla yako.

Vipi ile imani ya kuchagua C ukishindwa? Mwaka 2003 watafiti Yigal Attali na Maya Bar-Hillel walionyesha kwamba watunzi wana mwelekeo wa kuficha jibu sahihi katikati, na wanaobahatisha nao hulitafuta huko. Taasisi kubwa za mitihani zinajua hilo, husawazisha herufi, na C hurudi kuwa herufi tu. Jaribio la mwalimu wa darasani ni habari nyingine.

Je, wajua kwamba "usibadili jibu la kwanza" ni ushauri mbovu? Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake walichapisha uchunguzi wa alama za kufuta katika mitihani ya wanafunzi 1,561 wa Illinois. Asilimia 51 ya mabadiliko yalitoka kosa kwenda sahihi. Asilimia 25 tu yalitoka sahihi kwenda kosa. Yaliyobaki yalitoka kosa hadi kosa lingine. Mbona basi kila mtu huamini kinyume? Kwa sababu jibu sahihi ulilolifuta kwa mkono wako huuma kwa miaka, na lile ulilookoa husahaulika jioni hiyo. Kwa PLE kuna nyongeza: kalamu ni ya wino, na jalada huonya kwamba mabadiliko yasiyo ya lazima yanaweza kupunguza alama. Kata kwa mstari mmoja, andika upya, isomeke.

Muda nao. KCPE ilimpa mtoto dakika 2 na sekunde 24 kwa swali. SAT humpa sekunde 95 hivi. PLE ni alama 100 kwa dakika 150, yaani dakika moja na nusu kwa alama: saa moja kwa Sehemu A, saa moja na nusu kwa Sehemu B. Anayefika mwisho wa saa ya kwanza akiwa bado anapigana na swali la 14 amekwisha jua la kufanya: aliache, arudi.

Na faida ya nafasi tupu? Msahihishaji wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huweza kutoa alama ya njia hata jibu likiwa na kosa. Swali la alama mbili kwa kawaida huwa na moja ya njia na moja ya jibu. Aliyepanga hesabu sawasawa akakosea kutoa 7 kwenye 15 hapotezi yote. Kwenye A, B, C, D angepata sifuri sawa na aliyekuwa amelala. Kwa hiyo mtoto wa Koboko asiyejua mwisho wa swali aandike mwanzo wake.

Mtaala mpya wa sekondari wa Uganda, ulioanza mwaka 2020, umekwenda mbali zaidi: mtihani wake wa kwanza wa UCE, ule wa kidato cha nne, mwaka 2024, ulimletea mtahiniwa visa vya maisha, aamue mwenyewe ni hesabu gani inayotakiwa.

La mwisho, la barabarani. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ina kilomita 92. Lori linakwenda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi kwa 40. Mwendo wake wa wastani ni upi? Wengi watasema 50. Umbali hauamui jibu, kwa hiyo weka namba rahisi: tuseme kilomita 120. Kwenda saa 2, kurudi saa 3, kilomita 240 kwa saa 5, ni 48. Ukitaka kuhakikisha, rudisha 92 mahali pake: dakika 92 kwenda, dakika 138 kurudi, dakika 230 kwa kilomita 184. Bado ni 48.