Kumpata Kiongozi wa Kujitolea katika Kituo cha Haki

Kituo cha haki za kijamii ni mahali ambapo wakazi wa mtaa hupeleka malalamiko yao na kuyafuatilia wenyewe: kijana aliyepigwa risasi, vibanda vilivyobomolewa bila ilani, maji yaliyokatwa. Nchini Kenya vituo vya aina hii vimeenea tangu miaka ya 2010, hasa Nairobi, katika mitaa kama Mathare, Dandora na Kayole. Kazi nyingi hufanywa na watu wasiopokea mshahara. Kiongozi wao hawezi kumwamuru mtu kwa kutishia kumfuta kazi, wala yeye mwenyewe hashikiliwi na malipo. Kinachobaki ni imani ya majirani, na hiyo haipatikani kwa hotuba ya dakika tano siku ya uchaguzi.

Hupatikana kazini. Mama anafika asubuhi akisema mwanawe alichukuliwa na polisi usiku. Anayempokea huandika saa, mahali, majina ya mashahidi, na nambari ya gari ikiwa yuko aliyeiona. Kisha huandamana naye hadi kituo cha polisi na kungoja mpaka tukio liandikwe na mama akabidhiwe nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Nambari hiyo huwa nguzo ya ufuatiliaji, hata lalamiko likifikishwa baadaye kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Siku imekwisha, na nauli imetoka mfukoni mwa aliyejitolea. Aliyerudi kesho yake kumjulia hali mama huyo, bila kumtajia mtu yeyote jina la shahidi, amekwisha kujieleza vya kutosha. Kituo cha Mathare kilipotoa ripoti mwaka 2017 kuhusu mauaji yaliyofanywa na polisi mtaani humo kati ya 2013 na 2016, wakazi wenyewe walishiriki kukusanya habari. Aliyefiwa hamfungulii moyo mtu asiyemwamini.

Ndiyo maana vikundi makini humkabidhi mtu kazi ndogo kwanza: kuandika kumbukumbu za mikutano, kufuatilia kesi moja, kuitisha kikao cha ploti kadhaa. Miezi michache inatosha kuonyesha nani huja mvua ikinyesha na nani huja wapiga picha wakiwapo. Vuguvugu la haki za watu weusi nchini Marekani liliwapata hivyo baadhi ya viongozi wake wakubwa. Fannie Lou Hamer alikuwa mfanyakazi wa shamba la pamba Mississippi. Mwaka 1962 alijaribu kujiandikisha kuwa mpiga kura, akafukuzwa shambani, na badala ya kurudi nyuma akajiunga na wanafunzi wanaharakati akawahimiza wengine wajiandikishe.

Kosa linaloumiza vituo vingi ni kumpa uenyekiti yule anayezungumza vizuri na wafadhili. Ufasaha ni kipaji kizuri, na mwenye nacho anaweza kupewa kazi ya kuandika barua na kukisemea kituo. Uongozi ni mzigo mwingine. Hatari nyingine ni mgombea wa udiwani anayetaka kituo kimbebe. Inafaa katiba ya kikundi itamke wazi kwamba anayewania kiti cha siasa huachia wadhifa wake kabla ya kampeni. Wanawake nao hawatendewi haki: mama waliopoteza watoto ndio wanaozunguka mahakamani na mochari, ilhali mara nyingi viti vya juu hukaliwa na wanaume. Katiba ya Kenya ya 2010 ina kanuni kwamba chombo cha kuchaguliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja. Kituo kinachodai haki hakina sababu ya kuikwepa.

Kura yenyewe iwe ya siri. Mwaka 1988 Wakenya walipanga foleni nyuma ya wagombea katika mchujo wa KANU, chama tawala cha wakati huo, na kuna mahali ambapo mwenye mlolongo mfupi alitangazwa mshindi. Mtaani, kuinua mkono mbele ya mwenye nyumba au rafiki wa mgombea kunatisha vilevile. Vipande vya karatasi na ndoo yenye kifuniko vinatosha, mradi kura zihesabiwe mbele ya wote.

Muda wa uongozi uandikwe, pamoja na njia ya kumwondoa aliyeshindwa kabla muda haujaisha. Fedha zihitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja, na michango isikae katika M-Pesa ya mweka hazina peke yake. Anayeondoka akabidhi mbele ya mashahidi faili za kesi, funguo, simu ya kituo na daftari la fedha. Nambari za siri zibadilishwe siku hiyohiyo, na walalamikaji waelezwe ni nani sasa anayeshika kesi zao.